Docta, naweza kubandika simenti mgongoni nijipime alejia?

Swali: Docta jambo. Miye niko masoni hapa Lubumbashi, Ruashi, miaka 14 natumika kazi ya kujenga na kupiga plasta, siku ingine rangi pia. Tangu miaka 2 mikono inawasha, ngozi inakuwa ngumu, inapasuka pa vidole mpaka damu inatoka, na juu ya mguu pia pale kiatu inafunika. Nikiacha kazi wiki mbili tatu inapunguka, nikirudia shantie siku mbili tu inaanza tena. Nalipa feza ya kupima damu ya alejia, ikatoka negatifu, banasema sina alejia. Mudogo wangu alieko Ubelgiji anasema kule banabandikaka vitu mgongoni ndio banajua. Ni kweli? Na juu hapa sijaona pa kuifanyia, naweza kutia simenti kidogo pa sparadra nibandike mwenyewe siku mbili nione? Na kama ni alejia, nitaacha kazi? Niko na watoto 5.

Jibu:

Jambo papa, na pole sana na iyo mikono. Naanza na ile ya haraka juu naogopa utaifanya leo usiku: usibandike simenti mgongoni. Hata kidogo, hata saa moja.

Simenti ikishalowa inakuwa kali kama soda ya kutengenezea sabuni, pH yake inapita 12, na ukiifungia chini ya sparadra pale jasho haitoki wala hewa haiingii, inachoma ngozi polepole bila kukuumiza sana mwanzoni, unakuja kushtuka ngozi imeshakufa. Nimeona magoti ya masoni aliepiga magoti ndani ya simenti mbichi mchana mzima, usiku tu ndio akasikia maumivu, na vidonda vilikaa zaidi ya mwezi. Na ubaya mwingine ni huu, hata ukivumilia iyo kidonda, jibu hautapata. Simenti ikibandikwa ivyo itanichoma mimi, itakuchoma wewe, itamchoma hata mtoto wa mama muuza mihogo asieijua shantie, sasa wenye alejia na wasio nayo utawatofautisha namna gani? Kipimo kinachomkuta kila mtu positifu hakijapima kitu.

Sasa mudogo wako wa Ubelgiji, yeye anasema kweli. Na waliokupima damu pengine mashine yao ilisoma vizuri kabisa, shida ni kwamba walitafuta mtu kwenye nyumba asiyokaa.

Alejia ziko za namna nyingi lakini hapa zinatuhusu mbili. Kuna ile ya haraka, mtu anakula karanga ao anaumwa na nyuki, dakika chache midomo imevimba, mwili mzima unawasha, pumzi inabana. Iyo inafanywa na kitu kinachoitwa IgE ambacho kinazunguka ndani ya damu, ndio maana damu inaweza kukionyesha, na ndio maana kile kipimo cha kuchomachoma mkono na kisindano kidogo kinatoa jibu ndani ya dakika 15 mpaka 20. Yako, kama ni alejia, si ya familia iyo. Ni ile ya kugusa, ya polepole, inafanywa na chembe za T, askari wa mwili wa aina moja, na chembe hizo haziachi IgE yoyote kwenye damu. Unagusa kitu Jumatatu, ngozi inalipuka Jumatano. Kwa iyo kipimo cha IgE kutoka negatifu kwa masoni mwenye mikono kama yako hakisemi ndio wala hapana. Feza yako imepotea, naumia kukuambia ivyo, lakini ni afadhali ujue usije ukairudia.

Umeandika pia kitu kimoja nimekisoma mara mbili: ukirudia shantie "siku mbili tu inaanza tena". Watafiti wa miaka hii ya karibuni wameonyesha kwamba baada ya ngozi kulipuka mara ya kwanza, sehemu ya chembe za T hazirudi kwenye damu, zinabaki zinalala pale pale ndani ya ngozi iliyougua, miezi na miezi, zinakumbuka. Siku kile kitu kinarudi, hata kidogo, hazina haja ya kuitwa kutoka mbali, ziko tayari. Ndio maana ugonjwa unapenda kurudi mahali pale pale, kati ya kidole gumba na cha shahada, pale unaposhikia mwiko. Lakini sitaki ukimbilie kusema basi ni alejia. Simenti hata bila alejia inakausha na kula ngozi, iyo tunaiita uharibifu wa kawaida, na kwa macho hizo mbili zinafanana sana, mara nyingi mtu anakuwa nazo zote mbili pamoja. Macho ya docta hayatoshi kuzitenganisha, hata awe na uzoefu namna gani. Ndio kazi ya kipimo cha kubandika.

Kipimo chenyewe ni cha zamani, kilionyeshwa mara ya kwanza 1895 na muganga wa ngozi mjerumani Josef Jadassohn, alikuwa na wagonjwa walioharibika ngozi kwa dawa ya zebaki, akawabandikia iyo zebaki kidogo kwenye ngozi nzima akangoja, ngozi ikajibu. Wazo halijabadilika tangu pale. Kilichobadilika ni kipimo cha dozi, na hapo ndipo simenti yako ya sparadra inashindwa.

Kitu kinachowapa masoni alejia ndani ya simenti, sana sana, ni madini inayoitwa kromu, ile ya aina ya 6 inayoyeyuka ndani ya maji. Kwa kipimo, hatuchukui simenti, tunachukua chumvi ya kromu iliyosafishwa, inaitwa dikromati ya potasiamu, gramu nusu tu ndani ya gramu 100 za vazelini. Iyo nusu haikutoka hewani. Ukizidisha, ngozi ya kila mtu inawaka, ukipunguza, wenye alejia wanapita bila kuonekana. Wamarekani wengi wanatumia nusu ya iyo, robo gramu, na mabishano juu ya ipi ni bora bado yapo. Kobalti ni gramu 1 kwa 100, nikeli Ulaya ni 5. Kila kitu na yake. Unaweka miligramu 20 hivi ya iyo vazelini kwenye kijisahani cha milimita 8, vijisahani vinapangwa kwenye utepe, utepe unabandikwa mgongo wa juu, na mahali pa kila kijisahani, sisi tunapaita tundu, panaandikwa namba na kalamu isiyofutika.

Halafu ni kungoja, na wagonjwa wengi wanachoka hapa. Ukibandikwa Jumatatu, utepe unatolewa Jumatano na unasomwa mara ya kwanza. Ijumaa unasomwa tena, na huu ndio usomaji wenye uzito. Jumatatu inayofuata mara ya tatu, juu kuna vitu vinavyochelewa, neomisini kwa mfano (dawa ya kuua mikrobu inayotiwa ndani ya kremu), na dawa za kortizoni zenyewe (ndio, mtu anaweza kupata alejia ya kremu anayojipaka kutibu alejia). Muda wote huo mgongo haulowi maji, hakuna kubeba gunia, hakuna jua la mgongoni. Ukienda mahali wanakuambia watakubandika na kusoma kesho yake wamalize, uliza maswali kabla ya kulipa.

Sasa niseme kitu kinachonigusa roho, juu ni cha watu wetu. Vitabu vingi tulivyosomea vinasema jibu positifu ni "wekundu". Picha zote migongo myeupe, duara jekundu katikati, hata mtoto ataliona. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, unaona kivuli cha zambarau, ao weusi umezidi kidogo, ao hauoni kitu. Miaka ya karibuni waganga wa ngozi wameanza kuandika sana juu ya jambo hili, kwamba watu weusi majibu yao yanasomwa negatifu kumbe ni macho ya msomaji, na wanafundisha njia ingine: kusoma na vidole.

Nilijifunza kwa mfundi mmoja wa plasta, mikono kama yako. Jumatano natoa utepe, mgongo safi, nikaandika negatifu kwa mistari yote. Ijumaa nikaangalia tena, pa tundu la kromu niliona tu doa linalongaa kidogo kuliko ngozi ya pembeni, karibu nilipite. Nikamgeuza mgongo usimame upande wa dirisha ili mwanga upite kwa ubavu, nikafunga macho nikapitisha kidole polepole kutoka tundu la juu kushuka. Laini, laini, laini, halafu kidole kikapanda. Kulikuwa na kitu kigumu chini, kama shilingi ndogo imefichwa chini ya kitambaa, na juu yake vipele vidogo kama chembe za mchanga. Iyo ni positifu, si ya kubishana. Kama ningetumia macho peke yake mtu yule angerudi shantie na karatasi inayosema hana kitu. Kwa iyo papa, siku utakapobandikwa, mwambie yule anaekusoma, kwa heshima, aguse.

Na usiende kupimwa simenti peke yake. Umesema unapiga rangi pia. Rangi za maji zinawekwa dawa ya kuzuia kuoza, mojawapo inaitwa methilisothiazolinoni, jina refu lakini lishike, ilisumbua Ulaya yote mpaka chama cha Marekani cha waganga wa alejia za kugusa kikaitaja alejia ya mwaka 2013, na tangu 2017 Umoja wa Ulaya umeikataza kwenye pomadi na kremu zote zinazobaki kwenye ngozi. Kwenye rangi ya ukuta bado ipo. Mwenye alejia nayo anaweza kuvimba uso kwa kulala tu ndani ya chumba kilichopakwa jana, bila kugusa ukuta. Kama unabandika karo na gundi za kuchanganya chupa mbili, iyo ni epoksi, nayo iko kwenye orodha ya vitu vya kupima. Kobalti pia, na kwetu hapa Katanga siwezi kuiacha juu kila familia iko na mtu wake kwenye madini. Kobalti inapatikana kidogo ndani ya simenti pia, na mara nyingi inatembea pamoja na kromu: yule wa positifu ya kromu unakuta na ya kobalti. Kuna utafiti uliotoka 2010 ulioonyesha nikeli inashika moja kwa moja kwenye mlango mmoja wa chembe zetu unaoitwa TLR4 na kuupigisha kelele kama vile mikrobu imeingia, baadae ikaonekana kobalti inafanya ivyo ivyo. Ndio inatusaidia kuelewa kwa nini madini haya yanawapata watu wengi namna hii. Usijione uko peke yako: hesabu kubwa iliyotoka 2019 ilikusanya vipimo vya watu wa kawaida, si wagonjwa, ikakuta karibu mmoja kwa kila watano ana alejia ya kugusa kitu fulani.

Sasa mguu. Nilifurahi kwamba umeutaja, juu wengi wanauacha. Viatu vya ngozi vya shantie, ngozi yake nyingi imetengenezwa na kromu. Ile ya kutengenezea ngozi ni aina ya 3 ambayo si mbaya sana, lakini sehemu inaweza kugeuka kuwa 6, na jasho linaitoa. Ulaya wameweka kikomo tangu 2015, miligramu 3 kwa kilo ya ngozi, kwa viatu tunavyonunua sisi sokoni nani anapima? Na glavu vilevile! Masoni anaumwa mikono, mukubwa wa shantie anamuhurumia anampa glavu nzito za ngozi, mikono inazidi, wote wanashangaa. Mikono na juu ya mguu pamoja kwa masoni, mimi mawazo yangu yanaenda kwa kromu kabla ya kitu kingine. Ni mawazo, si jibu.

Mpaka utakapopata kipimo, fanya kama vile ni kromu, hautapoteza kitu. Glavu za ngozi weka pembeni. Zile za mpira wa kawaida za kuoshea vyombo pia sizipendi kwako, dawa zinazowekwa ndani ya mpira zinaleta alejia yao wenyewe. Tafuta za nitrili, ndefu zinazopita mkono wa shati, ndani vaa glavu nyepesi za pamba, na simenti ikishaingia ndani ya glavu, toa ubadilishe hapo hapo, juu glavu iliyoingia simenti ni mbaya kuliko mkono mtupu, imefunga ile sumu na jasho pamoja, ni sparadra yako ile ile. Osha na maji safi ya kumwaga, usioshe ndani ya ndoo ile mnayooshea miko. Usitoe rangi na petroli. Usipake ndimu ao kitunguu saumu, kitunguu saumu kinachoma ngozi kweli kweli. Usiku, vazelini nyeupe isiyo na harufu, nyingi, na soksi za pamba mikononi.

Kremu za farmasi zile za "tatu ndani ya moja" ziache, nyingi ziko na neomisini na umeshaona nimeitaja kwenye vitu vyenye alejia. Kortizoni ya kupaka inasaidia, na kwa mikono yenye ngozi nene kama ya masoni inatakiwa ya nguvu, lakini kwa siku za kuhesabu na muganga amekuona. Usiipake mgongoni wiki moja kabla ya kipimo, wala usimeze vidonge vya predinisoloni bila kumwambia anaekubandika, vinaweza kuficha jibu. Vidonge vya kuwasha vya kawaida, antihistamini, havina shida kwa kipimo hiki.

Kama uko na wasiwasi na pomadi yako, iyo unaweza kujipima nyumbani salama: paka kidogo sehemu moja ndogo kwenye mkunjo wa kiwiko, asubuhi na jioni, bila kufunika, mpaka siku 14. Ikianza kuwasha na kutoa vipele, acha, umepata jibu. Ni kwa vitu vya kupaka na kubaki tu. Sabuni hapana, rangi hapana, dawa ya kupaka nywele weusi hapana kabisa, na simenti nimeshasema.

Kazi. Sitakudanganya, alejia ya kromu haiponi, mwili ukishaijua haisahau, na kuna watu ambao mikono inaendelea kuwaka miaka hata baada ya kuacha simenti. Ndio sababu napenda upimwe mapema, si baada ya miaka 10. Lakini positifu si amri ya kuacha kazi kesho. Nimewaona walioendelea, wamebadilisha glavu na viatu, wameachia vijana kuchanganya na kupiga plasta wao wakabaki na kupima, kupanga matofali makavu, kusimamia. Miaka 14 ya kazi inakupa haki ya kuongoza timu.

Na simenti yenyewe inaweza kutengenezwa vizuri. Denmark walianza mapema, sheria yao ni ya 1983: kiwanda kinaongeza sulfati ya chuma, inageuza kromu ya 6 kuwa ya 3, kikomo ni sehemu 2 kwa milioni, na alejia ya kromu kwa wajenzi wao ikashuka sana. Umoja wa Ulaya wote wakafuata Januari 2005. Gunia la namna iyo linaandikwa kwamba kromu imepunguzwa na linaandikwa tarehe ya mwisho, juu ile chuma inakufa nguvu na unyevu. Soma magunia kwenye shantie yako. (Kabla mtu hajaniuliza: hapana, hata kama viko na chuma, usisage vidonge vya kuongeza damu ukavitia kwenye simenti, vipimo si ivyo na haitachanganyika sawa.) Hili ni jambo la kudai kwa sauti, masoni wote pamoja, juu mukono mmoja ukilia kiwanda hakisikii.

Kabla ya kupanda basi ao kulipa tikiti kwenda kokote, piga simu kwanza kwa idara ya magonjwa ya ngozi, uliza maneno haya: muko na seri ya msingi ya kipimo cha kubandika (ni orodha ya vitu vya kawaida vinavyobandikwa kwa kila mtu), iko na dikromati ya potasiamu, na mutanisoma siku ya 4 na ya 7? Wakisema ndio, panga wiki nzima pamoja na Jumatatu ya pili. Beba viatu vyako, glavu zako, kopo la rangi na pomadi, hata kama ni chafu, usivioshe. Simenti piga picha ya gunia tu, pande zote mbili.

Ukiona usaha, homa, mstari unaopanda kutoka mkono kwenda kwapa, iyo si ya kungoja kipimo, nenda hopitali siku iyo iyo. Na uniandikie tena papa, nataka kujua: vile viatu, ulivinunua kabla miguu haijaanza kuwasha, ao baadae?